Video ya gari letu ilitazamwa mara 41,000, duka likabaki halina plagi



Leo sina ofa wala picha ya mzigo mpya. Nina stori yangu na maoni yangu, na najua kuna watu hayatawapendeza. Soma mpaka mwisho ndo uje unichambe kwenye koment.

Mimi nauza spea za pikipiki huku Chimwaga, jirani na chuo. Nimeishia kidato cha nne. Biashara sijaisomea popote, nimejifunza kwa kuuza na kwa kupoteza. Dukani nina plagi, minyororo na sproketi, breki, oili, taa, keboli. Karibu nusu ya mauzo yangu yanatoka kwenye simu: fundi ananitumia picha ya kifaa kilichokufa, namjibu bei, boda anampelekea.

Mwaka juzi mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni fundi pikipiki, tulitengeneza gari nyumbani. Sio la maonyesho. Gari la matairi manne, stelingi, viti viwili mbele, sehemu ya mzigo nyuma, na injini ya Boxer 150 ndo inasukuma kila kitu.

Hesabu ilikuwa hivi:

Pikipiki iliyogongwa, injini nzima: 650,000
Bomba za skwea na mabati: 340,000
Rimu na matairi manne: 280,000
Stelingi, bolijointi na shokapu za mtumba: 210,000
Fundi wa kuchomelea: 250,000
Vidogovidogo (nati, waya, rangi, kila siku elfu kumi): 190,000

Jumla 1,920,000. Mtaji mzima wa duka ulikuwa 3,100,000. Piga hesabu mwenyewe. Zaidi ya nusu ya duka langu iligeuka bomba uani kwa mama.

Siku liliponguruma tukalizungusha kiwanjani, tukarekodi, tukaposti. Watazamaji 41,000! Mimi ambaye status yangu inaangaliwa na watu 90. Inboksi ikajaa. "Kijana apewe sapoti." "Serikali mpo wapi?" "Tanzania tuna vipaji." Nilikuwa nalala na simu kifuani.

Sasa nikuulize wewe unayeuza mtandaoni: kati ya hao 41,000, wangapi walinunua hata plagi moja? Sikupata hata mmoja. Na wangekuja wasingeikuta, kwa sababu hela ya plagi ilikuwa uani. Mafundi wa kijiwe kimoja cha boda, wateja wangu wa miaka miwili, walikuja mara tatu wakiulizia mnyororo. Mara tatu nikawajibu "kesho". Mara ya nne hawakuja.

Lakini hilo sio kosa lililoniuma zaidi.

Kwenye zile meseji kulikuwa na mtu mmoja siriasi. Mzee wa Mpunguzi, mkulima wa zabibu. Alinipigia, hakutuma meseji. "Mwanangu, nimeona kigari chako. Kinaweza kubeba kreti za zabibu kutoka shambani mpaka barabarani?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kinaweza bila wasiwasi." Tukakubaliana nimtengenezee lake kwa 4,500,000, litoke kabla ya mavuno ya Machi. Akanitumia advansi ya milioni moja.

Wadau, wakati namwambia kinaweza, gari letu lilikuwa halijawahi kubeba hata ndoo ya maji. Lilikuwa limezunguka kiwanjani, pakavu, tambarare, mtu mmoja ndani.

Tukaamua kulijaribu na mzigo. Tukapakia viroba vya mchanga, kama kilo 150, tukaenda barabara ya vumbi upande wa Ng'ong'ona. Hapo ndo darasa lilipoanza.

La kwanza, joto. Injini ya pikipiki ya namna ile inapozwa na upepo. Kwenye pikipiki ipo wazi, ukikimbia upepo unaipiga. Sisi tuliifungia nyuma ya viti tukaizungushia bati ili ipendeze kwenye video. Dakika ishirini tu ilikuwa inanuka kuungua na nguvu imeisha.

La pili, kona. Tulifunga sproketi kwenye ekseli moja iliyounganisha matairi mawili ya nyuma. Ukikata kona, tairi la nje linatembea safari ndefu kuliko la ndani. Gari la kawaida lina difu, kila tairi linazunguka kwa kasi yake. Letu halikuwa nayo. Yalikuwa yanaburuzana, na mnyororo ukaruka mara mbili.

La tatu, rivasi. Hatukuwa nayo. Kila tukitaka kurudi nyuma tunashuka kusukuma, na mzigo juu.

La nne ndo lilinitoa jasho. Breki. Tulitumia breki za pikipiki, zilizotengenezwa kusimamisha chombo cha kilo mia na kidogo na watu wake. Letu na mzigo lilikuwa zito mara kadhaa. Kwenye mteremko mdogo tu, mdogo wangu akakanyaga, keboli ikavutika, gari likaendelea kwenda. Mbele alikuwepo mama anauza mbogamboga pembeni ya barabara, na mtoto wake. Yule mama alimnyakua mtoto akaruka. Sisi tukaishia kwenye lundo la moramu. Hakuna aliyeumia. Zilibaki kama hatua mbili.

Nilikaa kwenye lile lundo nikamuwaza mzee wa Mpunguzi, na wajukuu zake wamekaa juu ya kreti.

Nilipaswa kumpigia siku ileile. Sikumpigia. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye ile milioni yake nilishatumia laki sita kununua bomba za gari lake. Nikanyamaza wiki tano nikijidanganya tutarekebisha. Machi ikafika, zabibu zimeiva, na zabibu haikusubiri wewe upate difu. Mzee akakodi gari la watu kwa bei ya msimu. Nilipoenda kwake kumwambia ukweli alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, ungenipigia siku ileile usingenikuta na hasara mbili." Hela yake niliirudisha yote, kwa awamu tatu. Baadaye nikasikia amenunua guta lililotumika. Spea zake anazinunua kwa mtu mwingine. Simlaumu.

Sasa maoni yangu ni haya: GARI LA KWANZA UNALOTENGENEZA NYUMBANI SIO BIDHAA. NI SHULE. Na shule unailipia kwa hela ya ada, sio hela ya duka, na wala sio hela ya mteja.

Najua utasema naua ubunifu. Hapana. Injini ya pikipiki kwenye gari ni wazo zuri na la zamani. Mwaka 1955 BMW ya Ujerumani, ikiwa na hali ngumu ya hela, ilianza kuuza kigari kinaitwa Isetta. Wazo walichukua kwa kampuni ya Kiitalia, Iso, wakalipa haki yake, injini wakaweka ya pikipiki yao wenyewe, cc 247. Nguvu yake haikupishana sana na Boxer yangu, kama farasi 12 au 13. Viligonga zaidi ya 160,000 kuuzwa.

Kwa hiyo tatizo langu halikuwa udogo wa injini. Angalia wao walifanya nini. Injini ilikuwa imefunikwa, wakaweka feni ya kuipuliza. Difu walikwepa kwa kusogeza matairi mawili ya nyuma yakae karibukaribu, kiasi kwamba kwenye kona tofauti inakuwa ndogo. Rivasi waliweka. Kila shida niliyoikuta mimi njiani Ng'ong'ona, wao waliimaliza kabla mteja hajatoa hela.

Na huna haja ya kwenda Ujerumani. Nenda kijiwe cha bajaji. Injini ipo nyuma, ina rivasi, na kila tairi la nyuma lina uhuru wake kwenye kona. Guta la mizigo nalo lina difu. Kama nilitaka kutengeneza kigari cha kubebea zabibu, funzo lilikuwa linapita mbele ya duka langu kila siku, mimi nahangaika kuchonga ekseli ya peke yangu ili nionekane mbunifu.

Mwangalie na Honda. Kampuni ilianzishwa 1948 ikiuza injini ndogo za baiskeli na pikipiki. Gari la kwanza walilouza lilitoka 1963. Miaka 15! Na kati ya magari yao ya mwanzo, S500, matairi ya nyuma yalikuwa yanazungushwa na minyororo. Mnyororo sio aibu. Aibu ni kuuza kitu ambacho hujakijaribu.

Halafu kuna hili la kwetu Afrika Mashariki. Kenya walitengeneza Nyayo Pioneer, mradi ulioanza 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kwa agizo la Rais Moi. Magari matano yalitembea kweli. Kuyazalisha kwa wingi wakashindwa, hela haikupatikana. Hiyo ni serikali, na chuo kikuu nyuma yake. Hapa kwetu Masoud Kipanya, mchora katuni tunayemjua wote, alizindua gari lake la umeme Dar es Salaam Machi 2022, na nilifurahi kama ni langu. Ila alikuwa tayari ana jina na kazi nyingine. Kutengeneza moja na kuuza mengi ni kazi mbili tofauti. Sisi wenye vibanda tunaona video ya ile ya kwanza tunadhani tumeshamaliza ya pili.

Na usisahau sheria. Chombo cha barabarani lazima kisajiliwe na kiwe na bima. Kadi niliyokuwa nayo mimi ilisema PIKIPIKI. Kama ningemuuzia mzee, ningemuuzia kitu ambacho akisimamishwa na trafiki hana cha kuonyesha, na akigonga mtu hana wa kumlipia.

Hili linakuhusu hata wewe unayeuza keki, viatu au wigi. Wangapi hapa wanapokea advansi ya keki ya ngazi tatu na hawajawahi kuoka ya ngazi mbili? Wangapi wanaposti picha ya gauni la mtu mwingine, mteja analipa, ndo wanaanza kutafuta fundi? Ni kigari kilekile. Breki hazijapimwa.

Kwa hiyo mimi saivi naenda hivi:

1. Hela ya majaribio ina pochi yake. Natenga elfu tano kila siku ya mauzo mazuri. Ikiisha, majaribio yanasimama. Hela ya mzigo haiguswi hata kama video ina milioni.

2. Sipokei advansi ya kitu ambacho sijakimaliza na kukitumia mwenyewe angalau mara tatu, kwa mzigo ule ambao mteja atabeba.

3. Advansi ya mteja sio hela yangu mpaka apokee kitu chake. Inakaa kwenye laini ya pili ambayo sitembei nayo.

4. Mambo yakiharibika napiga simu siku hiyohiyo. Mteja anaweza kuvumilia hasara. Kunyamaziwa havumilii.

5. Nikitaka kutengeneza kitu cha kubeba watu, nakwenda kwanza kwa waliosomea. SIDO wapo, VETA wapo, hapahapa Dodoma. Kuuliza hakushushi heshima.

Na lile gari? Lipo uani. Tumetoa lile bati, injini inapumua. Mdogo wangu analitumia kama darasa, anataka kulifunga mfumo wa nyuma wa bajaji. Halitoki getini mpaka breki ziwe za uzito wake.

Kilichotuingizia hela ni kingine kabisa. Wakati wa kuchomelea tulijifunza kukunja bomba vizuri, tukatengeneza keria za chuma za boda, za kubebea kreti. Ya kwanza tulifunga kwenye pikipiki ya mdogo wangu, akatembea nayo mwezi mzima na mzigo. Ikapasuka sehemu moja, tukaongeza chuma. Ya pili haikupasuka. Ya tatu ndo nikaposti. Naiuza 35,000. Video yake imetazamwa mara 612 tu, na nimeshauza 23.

Kati ya 41,000 na 612, mimi nimeshachagua.

Wewe je, ni kitu gani umeshapokea advansi yake na moyoni unajua hujawahi kukimaliza? Huna haja ya kuandika hapa. Mpigie mteja wako leo.