Umoja wa bodaboda usingoje msiba



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa likisemwa sana na watu wasiokaa kijiweni. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mabatini, Mwanza, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na miwili. Kila inapotokea ajali husemwa kuwa sisi ni wahuni, hatuna akili, tunakimbilia kufa. Wenzangu nao hujibu kuwa tunaonewa. Mimi naona pande zote mbili zinaacha kiini cha jambo lenyewe.

Kwanza napenda kuwakumbusha wasomaji kazi hii ilikotoka. Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya 1960, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda wa pili. Hapa kwetu zamani pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, bwana afya na padre. Baadaye zilipoingia pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, vijana wasio na ajira waliziona kuwa ni jembe lao. Serikali haikulifumbia macho jambo hilo. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji, na kazi yetu ikawa halali.

Aliyefika Mabatini hatauliza kwa nini tunahitajika. Nyumba zetu zimepanda milimani kati ya mawe, na chini unapita Mto Mirongo. Gari haliwezi kupanda vichochoro vile. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane hushushwa na sisi hadi Barabara ya Nyerere. Mchuuzi wa dagaa anayewahi Mwaloni alfajiri huchukuliwa na sisi. Kwa hiyo anayesema bodaboda ziondolewe hajafikiri nani atawashusha watu hao.

Lakini ndugu Mhariri, ukweli usemwe. Mwaka 2010 huohuo, madaktari wa Bugando walichapisha utafiti uliosema kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo linalokua la afya ya jamii katika mji wa Mwanza. Hospitali hiyo iko juu ya kilima, nasi tunaiona kila siku. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka mafunzo hayo wanapoteremka kwa kasi?

Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa kijiwe chetu alipata abiria wa haraka wa kwenda stendi ya Buzuruga. Kofia ngumu alikuwa nayo, tena nzuri, lakini aliitundika kwenye usukani. Sote tulimwona akiondoka. Hakuna aliyemwambia, "Kaka, vaa kofia." Alipoingia barabara kuu alikutana na lori. Abiria alivunjika mkono. Mwenzetu aliumia kichwa, na ingawa Mungu amemwachia uhai, hawezi tena kuendesha, na maneno humtoka kwa shida.

Jioni ile kijiwe kilijaa. Tulikuwa watu arobaini, kila mmoja akatoa shilingi elfu tano, na kabla ya saa tatu usiku laki mbili zilikuwa mkononi mwa mke wake. Tulipokezana kumlinda wodini. Nilijivunia sana umoja wetu. Lakini siku zilivyopita nilianza kujiuliza swali ambalo mpaka leo linaninyima usingizi: sisi watu arobaini tulioweza kutoa laki mbili kwa saa chache, tulishindwaje kutoa neno moja asubuhi ile?

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu. Umoja wa bodaboda ni mkubwa baada ya ajali na mdogo kabla yake. Dereva akifariki, msafara wa pikipiki huziba barabara kwa honi. Mwenzetu akigongwa na gari, tunamzingira mwenye gari, na wakati mwingine wapo wanaompiga kabla hata haijajulikana nani mwenye makosa. Huo si umoja, ni hasira ya kundi, na aghalabu majeruhi huachwa chini huku watu wakigombana. Lakini kumkanya rafiki anayepakia mishikaki, au anayeongea na simu akiwa mwendoni, hilo tunaona ni kumwingilia mambo yake.

Nieleze pia sababu ya haraka zetu, maana wengi hawaijui. Wengi wetu pikipiki si zetu. Tajiri hukukabidhi pikipiki kwa mkataba, unamletea hesabu kila siku, na baada ya mwaka au zaidi inakuwa mali yako. Tuseme hesabu ni shilingi elfu nane kwa siku. Kwa siku sita za wiki ni elfu arobaini na nane, na kwa majuma hamsini na mawili ni 2,496,000. Fedha hizo hutoka kabla ya mafuta, kabla ya tairi, kabla ya unga wa watoto. Ikifika saa kumi jioni hujapata hesabu, mguu wako hausikii tena breki. Abiria akisema "wahi", unawahi. Mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria mjini, ni mita kumi na nne hivi kwa kila sekunde moja. Ukitazama simu kwa sekunde mbili umekwisha kwenda karibu mita thelathini bila macho.

Na mikataba mingi ni ya mdomo. Mwenzetu niliyemtaja alikuwa amebakiza miezi miwili. Tajiri wake aliichukua pikipiki, akaitengeneza, akampa kijana mwingine aanze upya. Jasho la zaidi ya mwaka mzima likapotea kwa sababu hapakuwa na karatasi. Sisemi matajiri wote ni wanyonyaji, wapo waungwana. Nasema kijana asiyejua kesho yake ataendesha kama mtu asiye na kesho.

Kuna watakaosema kuwa tunabanwa mno na trafiki. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Tulishangilia. Je, nafuu ile tuliitumia kununulia kofia ya abiria, au tuliiona kuwa ruhusa ya kukosa kwa bei rahisi? Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi kitu.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya. Kwanza, foleni ya kijiwe iwe ndiyo sheria yetu. Asiyevaa kofia, asiye na leseni, au aliyelewa, asipewe zamu ya abiria siku hiyo. Trafiki hawezi kuwa kila kona, lakini kijiwe kipo kila kona, na hakuna dereva asiyeogopa kukosa zamu.

Pili, kila mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, nakala moja kwa tajiri na moja kwa dereva. Uonyeshe siku moja ya mapumziko isiyo na hesabu, nani ananunua tairi, na nini kitafuata dereva akiugua.

Tatu, tuchange kabla ya msiba. Watu arobaini wakitoa shilingi mia tano kwa siku ni elfu ishirini, na kwa siku ishirini na sita za kazi ni 520,000. Fedha hizo zinatosha kununua kofia za abiria na kuwasaidia wasio na leseni waende wakajifunze. Tusijidharau. Ni hapa Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 wakaunda muungano mkubwa wa ushirika, makao yake yakiwa Mwanza. Nao walikuwa watu wa kipato kidogo.

Nne, nanyi ndugu abiria mna wajibu. Dada zetu husema kofia inaharibu nywele au ina jasho la watu. Ni kweli, na sisi tunapaswa kuzisafisha. Lakini hata kitambaa cha kujifunga kichwani kabla ya kuvaa kingetosha kuondoa udhuru huo. Na ukimwambia dereva "wahi", kumbuka kuwa wewe ndiye uliyekaa nyuma yake.

Sisi wa kijiwe chetu tumeanza na hilo la kwanza. Siku ya kwanza tulimnyima zamu mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana, akanuna, akaondoka. Kesho yake alikuja na kofia kichwani, na mchana ndiye aliyemrudisha kijana mwingine nyuma ya foleni. Yule mwenzetu aliyeumia hukaa kivulini karibu nasi siku nyingine. Kila mtu anapotia moto pikipiki, yeye hujigusa kichwa kwa kidole. Hasemi kitu, na kila mtu anavaa.

Nawaomba viongozi wa vijiwe vingine na wahusika wote walitazame jambo hili kabla hatujachangishana tena.

Dereva wa Bodaboda,
Mabatini, Mwanza.