Pawa Saplai Itangulie Kadi ya Michoro

Vijana wetu wanaojiundia kompyuta za kuchezea gemu, wawe wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa au Nairobi, wana desturi moja ambayo nimeitazama kwa muda, na sasa naona ni wajibu kuisema hadharani: huanza na kadi ya michoro, wakatia humo sehemu kubwa ya akiba yao, kisha wakaja kwenye prosesa, kisha kumbukumbu na diski, na hatimaye, mfuko ukiwa umekwisha kukauka, huuliza dukani pawa saplai iliyo rahisi kuliko zote, maadamu juu ya kasha lake pamechapwa wati nyingi. Dai langu ni kwamba utaratibu huu umepinduka, na kwamba kwa hali ya umeme unaoingia majumbani mwetu, pawa saplai ndiyo istahiliyo kuchaguliwa kwanza na kugharimiwa bila uchoyo, hata kama itamlazimu mnunuzi kuridhika na kadi ya daraja la chini, au kungojea miezi kadhaa kabla ya kuipata ile anayoitamani.

Natuitazame kazi yenyewe. Umeme wa Tanzania hutolewa kwa kiwango cha volti 230 na wa Kenya kwa volti 240, nao ni wa mkondo geu, ilhali kompyuta haiwezi kuishi ila kwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3; na kanuni za ATX, zilizotungwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, hapo asili ziliruhusu tofauti ya asilimia 5 tu, yaani ile laini ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya michoro, haikupaswa kushuka chini ya 11.4 wala kupanda kupita 12.6. Kila kitu cha thamani kilichomo sandukuni kinategemea chombo hiki kimoja. Kikiharibika huku ulinzi wake ukiwa mzima, hujizima chenyewe na hasara ikaishia hapo. Lakini kile ambacho mtengenezaji wake amepunguza vipuri vya ulinzi ili ashushe bei, yamkini kikaachilia volti zilizopita kiasi zikaingia ndani, na mwenyewe akapoteza madabodi, diski, na hata hiyo kadi aliyoinunua kwa dhiki.

Sasa, umeme wetu una tabia zake. Mtu akaaye mwisho wa laini, mbali na transfoma ya mtaa, anajua jinsi taa zinavyofifia jioni majirani wanapowasha pasi, majiko na feni kwa pamoja, na anajua pia kwamba umeme uliokatika aghalabu hurudi kwa kishindo. Wako watakaonijibu kwamba mambo yanabadilika, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa ili litoe megawati 2,115. Nami nafurahi pamoja nao, ila wingi wa megawati hauurekebishi waya mrefu na mwembamba unaopita vichochoroni, na upungufu wa volti katika nyumba ya mwisho huzaliwa humo. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kusomwa katika pawa saplai si wati, bali ni maandishi madogo yanayoeleza umeme inaoupokea. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 itaendelea na kazi yake hata umeme wa nyumba ukishuka hadi 180, lakini iliyoandikwa volti 200 hadi 240, na za namna hii ni nyingi miongoni mwa zile rahisi, haina dhamana yoyote chini ya hapo. Ama zile za kale zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 mgongoni, ziepukwe kabisa, kwa kuwa kidole cha mtoto kikiisogeza swichi hiyo hadi 115, pawa saplai hulipuka pindi inapowashwa. Kadhalika, pawa saplai iliyofuata kanuni huweza kuendelea kulisha kompyuta kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, muda ambao ni mfupi sana kwa mwanadamu, lakini unatosha kuvuka vile vipindi vya taa kupepesa mara moja na kutulia. Isiyotimiza hilo itaizima mashine kila taa zinapopepesa.

Niseme sasa juu ya wati, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wanapodhulumiwa. Kijana amenunua kadi ya RTX 3060, ambayo hutumia wati 170, na prosesa ya kawaida isiyozidi wati 100. Ukijumlisha diski, feni na vinginevyo, mashine nzima haipiti sana wati 320. Dukani anaonyeshwa kasha lililoandikwa wati 700 kwa bei ya kutupa, naye anaamini kwamba amepata maradufu ya haja yake. Lakini akiisoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai yenyewe, huenda akakuta kwamba laini ya volti 12 imepewa ampea 20 tu, na 12 zidisha kwa 20 ni wati 240, ilhali prosesa na kadi, ambazo zote mbili hula katika laini hiyo, zinataka 270. Zile wati nyingine zimejazwa kwa kuhesabu volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta ya siku hizi haina haja nazo kubwa, au zimeandikwa tu bila ithibati yoyote. Kando yake ipo pawa saplai ya wati 550 yenye ampea 45 katika laini ya volti 12, yaani wati 540 za kweli, nayo itaibeba mashine ile kwa raha na nafasi ikabaki. Fauka ya hayo, kadi za leo zina tabia ya kuruka ghafla, kwa muda mfupi usioonekana katika vipimo vya kawaida, hadi kiasi kinachopita mbali wati zilizoandikwa, na ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 zikaagiza kwamba pawa saplai iweze kustahimili maradufu ya wati zake kwa muda wa sekunde ndogo 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa mwenye kadi kubwa, ningemsihi asinunue iliyo nje ya kanuni hizo.

Kuhusu nembo ya 80 PLUS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, na madaraja yake ya Bronze, Gold na mengineyo, watu wameipa maana isiyo yake. Hiyo ni shahada ya kutopoteza umeme tu: Gold, kwa kipimo cha volti 115, hutakiwa kufikisha asilimia 90 ya umeme inaoupokea pale inapobeba nusu ya mzigo wake. Ni sifa njema, na hupunguza gharama ya LUKU, lakini haielezi lolote juu ya ulinzi, na tena vipimo vyake hufanywa katika chumba cha nyuzi 23 za Selsiasi, joto ambalo chumba cha Tanga au Lamu hakilijui mwezi wa Februari. Kapasita zilizomo ndani huzeeka kwa joto, na mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya umri wake. Kwa hiyo anayeishi pwani atafute iliyo na kapasita zilizokadiriwa kwa nyuzi 105, si 85.

Liko jambo jingine ambalo halitajwi dukani, nalo ni waya wa ethi. Watu wengi hulalamika kwamba kompyuta yao inapiga shoti wanapoligusa sanduku kwa mkono ulio wazi, na husingizia pawa saplai kuwa mbovu. Aghalabu si mbovu. Ndani yake mna kichujio kinachopeleka umeme mdogo sana kwenye bati la sanduku ili ukapotelee ardhini, na nyumba isipokuwa na ethi, au plagi ya miguu mitatu ikichomekwa katika ekstensheni isiyo na mguu wa tatu, umeme huo hukosa njia, ukabaki kwenye bati ukimngoja mtu. Siku kichujio kitakapoharibika, haitakuwa tena shoti ndogo. Mwenye nyumba amwite fundi umeme aipime ethi kabla ya kuwasha mashine ya gharama kubwa.

Najua nitaulizwa: na asiye na uwezo afanyeje? Swali hili ni la haki, kwa kuwa vijana wetu wengi huanza na kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zile Dell OptiPlex na HP zinazouzwa kwa bei ya huruma, wakazitia kadi ya michoro. Nyingi zina pawa saplai yenye wati zisizofika 300, isiyo na waya wa kadi, na plagi zake ni za peke yake hata haibadilishwi kwa ile ya kawaida. Hapo ndipo huuzwa zile nyaya za kuunganishia zinazochukua umeme katika plagi ya SATA ya diski na kuupeleka kwenye kadi. Nazipinga nyaya hizo kwa nguvu zangu zote: plagi ya SATA inaruhusiwa wati 54 katika volti 12, na plagi ya kadi yenye pini 6 yaweza kudai 75, na matokeo yake ni plastiki kuyeyuka na pengine moto. Mwenye mashine ya namna hii achague kadi isiyohitaji waya wowote, kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 za aina hiyo, ambazo hutosheka na wati 75 zinazotoka katika madabodi, naye atacheza bila hatari. Kadi yenyewe anaweza kuinunua kwa mkono wa pili. Pawa saplai iliyotumika miaka mingi asiinunue, kwa sababu uzee wa kapasita hauonekani kwa macho.

Lakini mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. Shirika la Viwango Tanzania na mwenzake wa Kenya, KEBS, yanayo mamlaka ya kukagua bidhaa zinazoingizwa nchini, nami nayaomba yaagize kwamba kila kasha la pawa saplai lionyeshe kwa nje ampea za laini ya volti 12 na mipaka ya volti inayoipokea, na kwamba isiyoweza kuzitoa wati ilizojinadi ikataliwe bandarini. Na hadi agizo hilo litakapotoka, mnunuzi anayo haki ya kufunguliwa kasha pale pale kaunta, akaisoma ile karatasi ya ubavuni, akazidisha ampea kwa 12, ndipo akatoa fedha zake.