Bwana anayegeuka mnyama

Sisi walimu wa kujitolea tumeleta somo ambalo halimo kwenye daftari zetu. Tulilipata Kanombe.

Tulikuwa watatu, tumeshuka Kigali kwa shughuli za shule, tukalala Kanombe kwa mama mmoja, mkimbizi mwenzetu anayeishi mjini. Pale ndege zinapita juu ya paa mpaka mtu anakatisha maneno na kungoja. Saa tano ya usiku tukaona mwanga ndani ya chandarua. Binti wa nyumba, miaka 17, alikuwa anasoma kwenye telefone. Tukamwuliza ni nini hicho kinachomnyima usingizi. Akacheka: "Mwalimu, ni hadithi ya Alfa."

Akatusimulia. Kuna msichana maskini, anadharauliwa kwao, kazi zote za nyumba ni zake. Kuna kijana tajiri mwenye nguvu, mkubwa wa kundi la watu ambao mwezi ukijaa wanageuka mbwa mwitu. Huyo ndiye Alfa. Ananusa tu harufu ya yule msichana, anajua huyu ndiye mwenzi aliyepangiwa. Anasema "wewe ni wangu". Anamuuma shingoni, alama inabaki, mwanaume mwingine asimkaribie. Ana hasira, anavunja vitu, anamkataza kutoka. Mwishoni mapenzi yanamtuliza, na msichana anakuwa Luna, malkia wa kundi. Hadithi za namna hii ni nyingi sana kwenye telefone, na karibu zote zinapita njia hiyo hiyo.

Hatumcheki binti huyu. Utamu tunauelewa. Mtu aliyekulia kambini, anayepanga foleni kwa maji na kwa kila karatasi, anasoma kwamba yuko mtu mmoja duniani aliyemtambua kwa harufu tu, bila karatasi na bila foleni. Nani asiyependa?

Lakini asubuhi, tukiosha vyombo, alituambia neno likatuingia. Kuna mwanaume aliyemzidi miaka mingi, ndiye aliyemnunulia ile telefone. Kila jioni anapiga kuuliza yuko wapi na yuko na nani. "Hataki niende kwaya, juu ana wivu sana, sawa vile Alfa." Alisema hivyo akitabasamu. (Ametupa ruhusa kuandika haya bila jina lake.)

Hapo tukakumbuka hadithi ya nyanya zetu, ile inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Msichana anakataa wachumba wote wa kijiji. Siku ya ngoma anatokea kijana mgeni, mzuri ajabu, msichana anamfuata. Mdogo wake naye anafuata nyuma, hata akifukuzwa. Usiku mdogo anaona kumbe bwana ni fisi, au simba, au zimwi. Wagikuyu wa Kenya wanamwita irimu, mwenye mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Mdogo anamwamsha dada, wanakimbia, wanafika kwao.

Mnaona tofauti? Kwenye telefone, mnyama anageuka bwana mwema. Kwa nyanya, bwana mwema anageuka mnyama. Hatusemi ya nyanya ni safi yote. Ilitumika pia kuwatisha mabinti wakubali mchumba aliyechaguliwa na baba, na huko nako ni kumnyima mtu sauti. Lakini ina kitu ambacho hadithi ya Alfa mara nyingi haina, yaani njia ya kurudi nyumbani. Alama ya shingoni haifutiki.

Angalieni hata vitabu vya Mmarekani Stephenie Meyer, vilivyoanza na Twilight mwaka 2005. Kijana anayegeuka mbwa mwitu anafungwa ghafla na mtu mmoja bila kuchagua, na katika kitabu cha mwaka 2008 Jacob anafungwa na mtoto mchanga. Tunaambiwa atamlinda tu mpaka akue. Sisi tunauliza: siku akikua, atasemaje hapana?

Na hilo neno Alfa lenyewe lina kasoro. Mwaka 1947 mtaalamu Rudolf Schenkel alieleza mbwa mwitu waliofungiwa pamoja ndani ya uzio, wakigombania ukubwa. (Sisi wa kambini hilo hatuhitaji kufundishwa!) Mwaka 1970 Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo katika kitabu chake. Lakini alipowafuata miaka mingi porini, mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la kawaida ni jamaa tu: baba, mama na watoto wao. "Alfa" kumbe ni mzazi. Na fisi wenye madoa, kama wale wa Akagera hapa Rwanda, wakubwa wao ni majike. Kwa hiyo mwanaume asituambie ukali wake ni maumbile.

Wazazi, tunaomba msinyang'anye telefone. Mtoto anayesoma ni baraka. Mwambieni: "Nisomee ukurasa mmoja." Kisha muulizane pamoja. Huyu msichana akisema hapana, atabaki salama? Bado ana rafiki, shule na jamaa? Akitaka kurudi kwao, atapokewa?

Swali la tatu ni letu sisi wakubwa. Palipo na kupigwa au kulazimishwa, ziko ofisi za Isange katika hospitali za Rwanda, matibabu na msaada ni bure. Isange maana yake jisikie uko kwenu. Lakini kwenu kwa kwanza ni mlangoni kwa mama na baba.

Tulipoaga Kanombe, yule binti alitusindikiza hadi barabarani. Akauliza: "Nikimrudishia telefone yake, watu hawatanicheka?" Ndege ikapita, tukangoja. Kisha tukamwambia sisi hatutacheka, na siku akitaka kuirudisha tutaenda naye.

Na ninyi, wasomaji, mngemjibu nini? Tuleteeni majibu shuleni. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.