Ufadhili hulipa ada, lakini nani anabeba muhula wa kwanza?

Kila mwezi wa Agosti, vyuo vikuu vya Uganda vinapofungua mwaka mpya wa masomo, makazi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali huwaaga vijana wachache wanaokwenda Kampala, Mbarara na miji mingine. Majirani huja kupongeza, kanisani na msikitini huombewa dua, na wazazi wao huanza kuitwa baba au mama wa mwanachuo. Kisha kinaanza kipindi ambacho hakizungumzwi sana, yaani miezi minne ya muhula wa kwanza, kuanzia Agosti hadi Desemba.

Wazazi wengi huona kwamba kazi yao imekwisha mtoto anapopanda basi. Ufadhili umepatikana au ada imelipwa, na yaliyobaki ni ya mtoto na walimu wake. Ukweli ni kwamba muhula wa kwanza hubebwa na familia kuliko muhula mwingine wowote. Na kwa hali ilivyo sasa makazini, hatari haiko darasani peke yake. Iko katika fedha ndogo ya kujikimu ambayo mwanafunzi hupewa, na katika ukimya kati yake na nyumbani kuhusu fedha hiyo.

Wachache waliofika

Kwa mujibu wa ripoti ya elimu ya UNHCR ya mwaka 2024, ni asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu. Mwaka 2019 kiwango hicho kilikuwa asilimia 3, na lengo lililowekwa ni kufikisha asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Kiwango kilikuwa kimepanda, lakini kwa hesabu ya ripoti hiyo, kati ya vijana 100, 93 walikuwa bado nje.

Njia inayojulikana zaidi ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kupewa jina la Albert Einstein, mwanasayansi ambaye naye alikuwa mkimbizi. Ufadhili huo hulipa ada na husaidia vifaa vya masomo, malazi, chakula na usafiri. Upo pia mpango wa Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere, na wapo wanaolipiwa na ndugu walioko ng'ambo au na wazazi waliouza ng'ombe, mahindi au duka.

Nafasi zikiwa chache namna hii, kijana anayepata moja haendi chuoni kama mtu mmoja. Anakwenda na matumaini ya nyumba nzima, na pengine ya mtaa mzima. Huo ni mzigo wa heshima, lakini ni mzigo.

Mgao ulipopungua

Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kugawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi lililoonekana kujitegemea likaondolewa kwenye mgao. Mwezi Mei 2025, kwa ukosefu wa fedha, WFP ilitangaza kwamba watu wapatao milioni 1 hawatapata tena msaada wa chakula, na kilichobaki kitakwenda kwa walio dhaifu zaidi.

Mabadiliko haya yamebadilisha pia maana ya ufadhili wa chuo. Chukua mfano wa familia ya watu saba iliyokuwa ikipokea fedha za chakula na sasa haipokei. Shamba ni dogo, mvua haina uhakika, na vibarua vya kulima vimejaa watu. Katika nyumba hiyo, fedha pekee yenye tarehe inayojulikana inaweza kuwa ile ya kujikimu ya mwanafunzi aliye Kampala. Wadogo zake wakilala njaa, nani atamlaumu mama kwa kupiga simu?

Hapa hakuna mwenye tamaa. Mama anaomba kwa sababu hana, na mtoto anatuma kwa sababu anajua kwamba hana. Lakini tazama kinachofuata. Fedha ya mwanafunzi imepigiwa hesabu ya mtu mmoja: chumba, chakula, nauli, karatasi za kunakili, intaneti. Akituma nusu nyumbani wiki ya kwanza, hukatwa gharama ya kutuma, anayepokea hukatwa gharama ya kutoa, na serikali huchukua kodi ya asilimia 0.5 ya kila kiasi kinachotolewa kwa simu. Kinachofika nyumbani hakiwatoshi watu sita kwa mwezi, na kilichobaki chuoni hakimtoshi mmoja kwa muhula.

Kufikia Oktoba kijana anakula mara moja kwa siku. Anaanza kutembea kwa miguu, anahamia kwa rafiki, anatafuta kibarua mwisho wa wiki, kisha katikati ya wiki. Anakosa jaribio moja, halafu la pili. Nyumbani wakipiga simu anasema, "Niko salama, msijali." Wazazi nao wakiulizwa hali wanajibu, "Tuko sawa, wewe soma." Pande zote mbili zinadanganyana kwa upendo, na hakuna anayejua ukweli mpaka matokeo yatoke.

Alama za muhula wa kwanza hazifutiki

Wazazi wengi walisoma chini ya mfumo wa Kongo, Burundi au Rwanda, na wengine hawakupata nafasi ya kusoma. Ni vyema kueleza jinsi mfumo wa Uganda unavyofanya kazi, maana ndiyo unaoonyesha kwa nini miezi hii minne ina uzito.

Katika vyuo vingi, alama ya somo hutokana na sehemu mbili. Kazi za darasani na majaribio ya katikati ya muhula huchukua sehemu moja, mara nyingi alama 30 au 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho huchukua iliyobaki. Mwanafunzi aliyekosa majaribio ya Oktoba anaingia mtihani wa Desemba akiwa tayari amepoteza sehemu ya alama zake. Chini ya 50 kwa kawaida ni kufeli, na somo lililofeliwa hurudiwa kwa malipo. Malipo hayo si lazima mfadhili ayakubali.

Jambo la pili ni wastani unaojumlishwa. Alama za kila muhula huingia katika hesabu moja inayoendelea hadi kumaliza shahada. Mwanafunzi ambaye wastani wake uko chini ya 2.0 katika kipimo cha 5.0 huwekwa chini ya onyo, na onyo likijirudia anaweza kuondolewa. Wafadhili nao hudai matokeo kila mwaka. Kwa hiyo muhula wa kwanza si wa kujaribu. Aliyeanza vibaya anaweza kujiinua, lakini atapanda mlima ambao wenzake hawaupandi.

Kwa kijana aliyetoka shule ya Kifaransa, ugumu ni zaidi. Anasikiliza mhadhara kwa Kiingereza, anaandika kwa Kiingereza, na huku akilini bado anafasiri. Wiki sita za kwanza anaweza kuonekana mzembe kumbe anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Akiambiwa mapema na mzazi kwamba kuchelewa huko kunatarajiwa, hataona aibu kuomba msaada kwa mwalimu au wenzake.

Makubaliano kabla ya basi

Muhula wa kwanza huangukia msimu wa pili wa mvua, wakati familia za Nakivale zinapanda maharage na mahindi. Kila mkulima anajua kwamba mbegu iliyotengwa haiguswi hata siku ambayo sufuria ni tupu, kwa sababu anayeila Septemba hana cha kuvuna Januari. Fedha ya kujikimu ya muhula wa kwanza ndiyo hiyo mbegu.

Kusema hivyo ni rahisi kuliko kutenda, na familia isiyo na chakula haihitaji mahubiri. Inachoweza kufanya ni kukubaliana waziwazi kabla ya safari. Kaeni chini, baba, mama, mwanafunzi na kama yupo mjomba au shangazi anayesaidia, mjibu maswali matatu. Ni kiasi gani mwanafunzi anahitaji kila wiki ili ale na asome? Je, kwa miezi hii minne hatatuma chochote, au atatuma kiasi kidogo kilichopangwa? Na ikitokea dharura ya kweli, kama ugonjwa au msiba, nani atapigiwa simu kwanza badala yake?

Jibu bora kwa nyumba inayoweza ni kumwachilia kabisa mpaka Januari. Nyumba isiyoweza ipange kiasi kinachojulikana, kiwe kidogo, kitoke baada ya malazi na chakula kulipwa. Kiasi kilichopangwa hakiumizi kama simu isiyo na mpango. Kinachomvunja mwanafunzi ni kuamka kila asubuhi bila kujua leo ataombwa nini.

Kwa wanaolipa ada wenyewe, jambo moja zaidi. Vyuo vikuu vya serikali hupokea ada benki au kwa simu kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mzazi anaweza kulipa mwenyewe kwa namba hiyo na kubaki na risiti. Hakuna sababu ya kumpa fedha mtu anayedai kuwa na "njia ya haraka" chuoni. Na kulipa si kujiandikisha. Mwanafunzi asipoandikisha masomo yake katika wiki za mwanzo anaweza kujikuta jina lake halimo kwenye mtihani, hata kama ada imelipwa yote.

Karatasi pia zina kazi. Vyeti halisi vya shule, vyeti vilivyolinganishwa na baraza la mitihani la UNEB kwa waliosoma nje ya Uganda, kitambulisho cha mkimbizi na nakala ya karatasi ya familia kutoka OPM viwe tayari, na nakala zibaki nyumbani. Kabla hajaondoka, ulizeni ofisi ya OPM jinsi ya kulinda jina lake katika faili la familia iwapo uhakiki utafanyika akiwa chuoni.

Simu inayosaidia

Mzazi ambaye hakusoma chuo huona kama hana la kumwambia mtoto. Si kweli. Hahitaji kujua uhasibu au uuguzi ili aulize: Umekula nini leo? Umeshajiandikisha? Jaribio la kwanza lilikuwaje? Unalala wapi, na nani? Maswali haya, yakiulizwa kila wiki kwa siku ile ile na bila hasira, hufungua mdomo kuliko swali la jumla la "habari za masomo".

Kwa mabinti, swali la chakula na malazi lina uzito wa pekee. Msichana asiye na kodi ya chumba mjini hakosi watu wa kumpa kwa masharti. Baadhi ya familia hujibu hofu hiyo kwa kumzuia asiende au kumharakisha kuolewa. Ulinzi wa kweli ni mwingine: awe na mahali pa kulala palipolipiwa kabla ya kufika, awe na namba ya mwanamke anayeaminika mjini, na ajue kwamba akipiga simu usiku kusema ameshindwa, baba hatauliza kwanza amefanya kosa gani.

Jirani mwenyeji yuko njia hiyo hiyo

Mkulima Mganda wa Isingiro asidhani kwamba suala hili ni la wakimbizi tu. Serikali hulipia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vya umma, na wengine hujilipia. Mkopo wa serikali, ulioanza kutolewa mwaka 2014, uliwekwa kwa ajili ya ada na gharama za chuo, si kwa chakula wala malazi. Mtoto wa mwenyeji mwenye mkopo na mtoto wa mkimbizi mwenye ufadhili wanaweza kukutana Oktoba wakiwa na tatizo lile lile, ada imelipwa na tumbo ni tupu. Wazazi wa pande zote mbili wanaweza kushirikiana katika mambo madogo: watoto wawili kupanga chumba kimoja, gunia la unga na maharage kusafirishwa pamoja, mzazi mmoja anayekwenda mjini kuwatembelea wote.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Fedha ya kujikimu inayochelewa hadi katikati ya muhula humtia mwanafunzi kwenye madeni kabla hajaandika jaribio la kwanza. Na barua ya ufadhili iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee humwacha mzazi akikisia kiasi anachopewa mtoto. Kikao kimoja na wazazi, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, kikieleza fedha hiyo inalipa nini na hailipi nini, kingeondoa lawama nyingi nyumbani.

Matokeo ya Desemba hutegemea juhudi ya mwanafunzi, na hilo hakuna mzazi anayeweza kumfanyia. Lakini kama ataingia kwenye mtihani akiwa ameshiba, ameandikishwa na hana deni la kuficha, hilo huamuliwa kwa sehemu kubwa nyumbani, mwezi Agosti, kabla begi halijafungwa.