Data Inapanda, Mbona Hairudi?

Wadau, leo acheni nigombane kidogo.

Shangazi yangu ni mhudumu wa afya ya jamii pande za Rongo, Migori. Ni mmoja wa wale karibu laki moja waliopewa simu na mkoba Septemba 2023. Juzi simu ikamkumbusha: tembelea mama fulani, mimba ya miezi minane. Akaenda, akauliza vile huuliza kila siku, "Mtoto anacheza vizuri?" Mama akaanza kulia. Alikuwa amejifungua mapema hospitalini, huko Homa Bay, na mtoto hakuishi. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Kompyuta ya hospitali ilijua. Simu ya shangazi haikujua kitu.

Halafu jamaa wa kompyuta ananiambia mifumo "imeunganishwa". Imeunganishwa aje? Kutuma habari juu pekee si kuunganisha, ni kuripoti tu.

Na hili si fumbo jipya. Mwaka 2005, Nate Foster, Benjamin Pierce na wenzao waliandika kuhusu "lenzi": programu inayochukua kipande cha rekodi kubwa, ukikibadilisha, inarudisha mabadiliko pale yalipotoka. Sheria zake hata mtoto wa darasa la sita anaelewa. Ukirudisha bila kugusa kitu, rekodi isibadilike. Ukirudisha ulichobadilisha, ukichukua tena ukikute vile vile.

Najua mtasema: na siri ya mgonjwa? Swali zuri. Huku kwetu, ambako VVU imegusa karibu kila boma, siri si mchezo. Lakini lenzi inaonyesha kipande tu. Shangazi hahitaji majibu ya maabara. Anahitaji mstari mmoja: mama amejifungua, mtoto yuko ama hayuko. Angeenda kumpa mama pole, si kumtonesha kidonda.

Wala msiniambie haya ni mambo ya ng'ambo. Fomu ya rufaa ya karatasi, MOH 100, ina sehemu ya anayempokea mgonjwa kumwandikia mhudumu jibu. Aliyeichora alijua habari lazima irudi kijijini. Simu ya maelfu ya pesa ishindwe na karatasi? Hapana!

Kwa hivyo wakubwa wa Migori na Homa Bay, kabla hamjalipia mfumo mwingine, muulizeni muuzaji swali moja: ikibadilika huku, inabadilika na kule? Akianza kuzungukazunguka, mrudisheni na kompyuta zake.