Eti "Mtandao Unasumbua"!

Jamani, haya maneno "mtandao unasumbua" yatatuua! Juzi nimenunua umeme kwa simu. Pesa ikakatwa, tokeni haikuja. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akanijibu, "Kaka, muamala wako huku hauonekani." Pesa mmeiona, muamala hamuuoni? Nimelala gizani siku mbili.

Mimi mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta. Lakini nimewauliza mafundi, na majibu yao yamenikasirisha zaidi.

Ndugu msomaji, kuna programu inaitwa Kafka. Ilianzia LinkedIn kule Marekani, mikononi mwa Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, na tangu 2011 inapatikana bure. Ifikirie kama daftari la mwenye duka. Kila tukio linaandikwa chini ya lililotangulia, hakuna kurudi juu kurekebisha. Pesa imekatwa, andika. Tokeni imeombwa, andika. Daftari linanakiliwa kwenye kompyuta kadhaa, moja ikizimika nyingine zinaendelea. Kila msomaji ana alama ya mstari alioishia. Kwa hiyo mfumo wa tokeni ukilala saa mbili, ukiamka unaanzia pale pale. Muamala unachelewa, haupotei!

Na msije mkanijibu "Kafka tunayo". Kuwa nayo si hoja. Mtumaji anaweza kupangwa asisubiri uthibitisho kwamba tukio limeandikwa. Daftari likigawanywa vipande, mfuatano unalindwa ndani ya kila kipande tu. Matukio ya mteja mmoja yakitawanywa, "pesa imerudishwa" inaweza kusomwa kabla ya "pesa imekatwa". Na usipobadilisha mpangilio wake wa kawaida, kumbukumbu zinaanza kufutwa baada ya siku 7. Bibi kijijini akilalamika siku ya 10, je? Hayo ni maamuzi ya watu, si ya mtandao.

Kreps aliipa jina la Franz Kafka, yule mwandishi wa riwaya ya mtu anayeshtakiwa bila kuambiwa kosa lake. Si ndiyo sisi hao kwenye madirisha ya huduma kwa wateja?

Tuache kupokea "samahani" tupu. Tuulize: tukio langu mliliandika wapi? Mnalitunza siku ngapi? Nani analisoma? Asiye na majibu arudishe pesa kwanza, mtandao aulaumu baadaye.