Majani ya Ghuba Yasing'olewe Tena

Ndugu zangu wa Uroa, na nyinyi wa Marumbi, Chwaka na Pongwe, tukae tuzungumze juu ya majani ya baharini kabla hayajatuishia.

Bahari humeza kama robo ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye viwanda, magari na mitambo ya dunia. Hewa hiyo ikikutana na maji huzaa tindikali, na tangu zama za viwanda kuanza Ulaya, tindikali ya maji ya juu imepanda kwa karibu asilimia 30. Maji hayajawa siki, wala hayatakuwa. Lakini chaza, kombe, tondoo na matumbawe hujijengea chokaa kutoka humo humo majini. Tindikali ikizidi, kujenga kunakuwa kazi nzito, na vichanga ndivyo huumia kwanza.

Ghubani kwetu tindikali haikai mahali pamoja. Mchana majani hunyonya hewa ya ukaa, tindikali inashuka. Usiku kila chenye uhai kinapumua tu, inapanda, hadi karibu na alfajiri. Bahari kuu ikizidi tindikali, alfajiri hizo nazo zinazidi ukali. Majani yakiwa mazima hufukia sehemu ya ukaa topeni. Yaking'olewa yakaoza, huirudisha. Na maji machafu ya hoteli na ya majumbani kwetu yakioza ghubani huongeza mzigo ule ule.

Moshi wa dunia hatuuzimi kutoka Uroa. Juya la kukokota, ling'oalo majani, tunaliweza: sheria inalikataza, na wanaolivuta tunawajua, wengine ni watoto wetu. Kamati ya wavuvi isiachiwe peke yake kugombana nao.

Mama zangu wa mwani, najua majani huzonga kamba na nyuzi za tai-tai. Mwani wa kotonii ulipoanza kufa mliona mapema kuliko mtu yeyote kwamba maji yamebadilika; wataalamu walikuja baadaye kutaja joto. Kwa hiyo neno lenu litangulie: je, msafishe panapopita kamba tu, au kamba zisogezwe kwenye kina kirefu?

Tumwombe sheha aitishe mkutano kabla ya bamvua lijalo, maana likifika sote tuko pwani. Wenye hoteli waje waeleze maji yao ya vyooni yanaishia wapi. Na tuiandikie Taasisi ya Sayansi za Bahari itege kipimo cha tindikali ghubani, kisome usiku kucha, majibu yasomwe hapa hapa kijijini kwa Kiswahili.